Sindano, barafu au mrija: kipi hupunguza kidevu cha pili?

Msomaji wetu wa Tanga ameandika hivi: "Shikamoo daktari. Nina miaka 38 na watoto 3, wa mwisho ana mwaka na nusu na bado ananyonya usiku. Tangu mwaka jana nimepunguza kilo 9, nguo zote zimenilegea, lakini kidevu cha pili kiko palepale. Mama yangu naye anacho. Kuna saluni hapa mjini wanachoma sindano za kuyeyusha mafuta kwa bei ninayoimudu. Wifi yangu aliyeko Dubai aligandishiwa mafuta kwa mashine na anasema kapendeza. Dada yangu ananiambia nisihangaike, niende nikafanyiwe upasuaji. Kipi kinafanya kazi kweli? Mafuta yakishatoka, hayarudi? Na harusi ya mdogo wangu ni baada ya wiki 6, nitawahi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe. Dawa halisi ya sindano, ubaridi wa mashine na upasuaji wa kufyonza, vyote vitatu hupunguza mafuta ya chini ya kidevu kwa mtu ambaye tatizo lake ni mafuta yaliyolala juu ya msuli. Asiye na mafuta hayo atalipa na kuumia bure. Wewe, kwa maelezo uliyonipa, unaelekea kuwa nayo. Ila sindano ya saluni siihesabu kati ya hizo tatu, na nitakueleza kwa nini.

Kabla ya kuchagua njia tujue kwanza kilichojaa hapo ni nini. Kaa kitako mgongo ukiwa wima, utazame mbele, usiinamie simu. Kamata nyama ya chini ya kidevu kwa kidole gumba na cha shahada, kama unavyokamata shavu la mtoto. Sasa, bila kuachia, kunja uso kana kwamba umelamba ndimu: shusha pembe za mdomo na ukaze shingo mpaka uone kamba mbili zimesimama. Hapo umeukaza msuli mwembamba, mpana, uliotandazwa chini ya ngozi kutoka juu ya kifua hadi tayani. Sisi tunauita platisma. Kama nyama bado imejaa vidoleni, hayo ni mafuta yaliyo kati ya ngozi na msuli. Kama imekuponyoka na umebaki na ngozi tupu, ujazo wako uko nyuma ya msuli, na huko si sindano wala ubaridi utakaokusaidia.

Achia. Ngozi imerudi mara moja mahali pake, au imebaki imekunjika kidogo kama shuka lililolaliwa? Hilo nalo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kuondoa mafuta chini ya ngozi iliyolegea ni kama kutoa sufi kwenye mto: foronya inabaki ileile, imenywea. Aliyepungua kilo 30 kwa muda mfupi, au aliyepita miaka 55, mara nyingi tatizo lake ni ngozi zaidi ya mafuta.

Mwambie mtu akupige picha ukiwa umesimama upande. Wako watu wembamba kabisa wenye kidevu cha pili, na ukiwatazama kwa pembeni unaona sababu: mfupa wa kidevu umerudi nyuma, au kile kimfupa kidogo kilicho juu ya koromeo kimekaa chini kuliko kawaida, hivyo pembe kati ya taya na shingo haipo tangu kuzaliwa. Huyo hata ukimfyonza mafuta yote hataridhika. Kinachomfaa ni kuongezewa kidevu, na humshangaza mtu aliyekuja kupunguzwa akaambiwa anahitaji kuongezwa.

Halafu chukua bilauri ya maji, meza funda moja huku ukitazama kioo. Uvimbe wowote unaopanda na kushuka unapomeza unahusu tezi ya shingo. Katika nyanda zetu za juu, rovu lililotokana na upungufu wa madini joto lilikuwa jambo la kila familia, na bado tunaliona. Uvimbe wa upande mmoja, ulio mgumu, unaokua mwezi hadi mwezi, au unaoambatana na sauti kukwaruza, homa za jioni au jasho la usiku, nao huanzia hospitali kwa vipimo. Usimruhusu mtu yeyote achome sindano ya urembo kwenye uvimbe ambao haujajulikana ni wa nini.

Kuna kundi jingine ninalokutana nalo karibu kila mwezi. Mama anakuja na uso umekuwa wa mviringo, shingo imejaa, na nyuma ya shingo, chini kidogo ya kisogo, pameota kinundu cha mafuta. Ninamuuliza anapaka nini. Ananitajia mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina dawa kali za jamii ya steroidi, kama klobetasoli, na zikipakwa mwili mzima kwa miezi zinaingia kwenye damu na kupanga mafuta upya: usoni, shingoni, tumboni. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila maelezo hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa baadhi yake vina deksamethasoni. Mtu wa namna hii hahitaji mashine. Anahitaji kuacha dawa hiyo chini ya uangalizi wa daktari, na asiache ghafla peke yake nyumbani, maana mwili uliozoea steroidi unaweza kuzimia ukinyimwa kwa mkupuo. Wapo pia waliotumia ARV za zamani, kama stavudini, wakabaki na kinundu hicho. Hao wasione haya kumweleza daktari historia yao.

Nikiwa hapohapo niseme neno kuhusu pingili. Mabinti wananijia na picha za simu wakitaka mistari ya shingo iondolewe kama mafuta. Mistari ile si mafuta. Ni mikunjo ya ngozi ambayo wengine huzaliwa nayo, na pwani yetu shingo yenye pingili ilisifiwa na bado inasifiwa. Inaniuma kuona binti wa miaka 22 analipa pesa ili aondolewe kitu ambacho bibi yake alichumbiwa kwacho.

Sasa sindano. Dawa iliyothibitishwa inaitwa asidi ya deoksikoliki, ambayo hata mwili wako unayo: bakteria wa utumbo huitengeneza kutokana na nyongo ili mafuta ya chakula yayeyuke. Ikichomwa kwenye mafuta ya chini ya ngozi, hupasua kuta za chembe za mafuta, kisha mwili husafisha mabaki kwa wiki kadhaa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipitisha Aprili 2015 kwa jina la Kybella, kwa sehemu moja tu ya mwili: chini ya kidevu. Ilipitishwa baada ya majaribio mawili makubwa yaliyohusisha zaidi ya watu 1,000. Walitumia kipimo cha ngazi, kuanzia shingo isiyo na mafuta kabisa hadi iliyojaa kupita kiasi. Miezi mitatu baada ya sindano ya mwisho, kama watu 7 kati ya 10 waliopewa dawa walikuwa wameshuka angalau ngazi moja, kwa macho ya daktari na kwa macho yao wenyewe. Waliochomwa maji yasiyo na dawa, kama 2 kati ya 10.

Hiyo ni tofauti ya kweli. Lakini angalia upande wa pili wa takwimu hizo, ambao matangazo huuficha: walioshuka ngazi mbili hawakufika 2 kati ya 10. Kwa hiyo sindano inapunguza, haifuti. Mwenye kidevu cha pili kidogo atafurahi, mwenye kikubwa atasema kimepungua lakini bado kipo.

Na si sindano moja. Kila awamu daktari huchora shingo kwa gridi yenye nukta zilizoachana sentimita 1, akachoma mililita 0.2 kwenye kila nukta, na nukta zinaweza kufika 50. Awamu zinaachana kwa mwezi mmoja au zaidi, na kikomo ni 6. Baada ya kila awamu shingo inavimba, na inavimba hasa, kama ya chura wakati wa masika. Wagonjwa 87 kati ya 100 kwenye majaribio walivimba, karibu robo tatu walivilia damu, na theluthi mbili walipata ganzi iliyokaa kwa wiki. Mimi huwaambia wapange likizo au wawe na mtandio wa kutosha. Waliopata tatizo la neva walikuwa 4 kati ya 100. Kwenye ukingo wa taya linapita tawi dogo la neva linaloushusha mdomo wa chini unapotabasamu. Dawa ikimwagika karibu nalo, tabasamu linapinda. Katika majaribio lilirudi kwa wote, kwa kawaida baada ya wiki sita hivi, ingawa wapo waliosubiri miezi.

Ndiyo maana nasema sindano ya saluni ni kitu kingine. Wale waliopinda mdomo walichomwa na madaktari wanaojua neva inapopita. Anayekuchomea saluni anajua? Na ndani ya chupa yake kuna nini? Desemba 2023 FDA ilitoa onyo dhidi ya sindano za kuyeyusha mafuta ambazo haijaziidhinisha, ikazitaja kwa majina: Aqualyx, Lipodissolve, Lipo Lab na Kabelline. Watu walikuwa wamepata makovu, maambukizi, vinundu na ngozi iliyoharibika umbo. Majina hayohayo ninayaona kwenye matangazo ya simu hapa kwetu.

Nilimpokea mama mmoja aliyekuja wiki ya tatu baada ya kuchomwa. Alivua mtandio taratibu, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeshikana na kidonda. Chini ya kidevu palikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa ya embe, mwekundu, ukivuja usaha mahali pawili. Alikuwa na picha ya chupa kwenye simu: haikuwa na namba ya usajili wala tarehe ya mwisho ya matumizi. Tulimfungua, tukausafisha, akameza antibiotiki kwa wiki nyingi. Mafuta aliyokwenda kuyaondoa bado yalikuwepo pembeni mwa kovu. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema alisema aliona aibu. Asiwepo mwingine wa kuona aibu kwa jambo hili. Ukivimba kwa namna inayozidi baada ya siku ya tatu, ukipata homa, ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, kimbilia hospitali usiku huohuo.

Njia ya wifi yako ina asili ninayoipenda kuisimulia. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mtoto aliyepata uvimbe wa mafuta ya shavu kwa kunyonya barafu ya kijiti. Ngozi ilikuwa salama, mafuta ndiyo yaliyoumia. Miongo kadhaa baadaye Dieter Manstein na Rox Anderson wa Harvard wakalitafakari hilo: kumbe chembe za mafuta hufa kwa ubaridi ambao ngozi inauvumilia. Mashine iliyotokana na kazi yao, CoolSculpting, iliruhusiwa kwa kidevu mwaka 2015. Inavuta nyama kwenye kikombe, inaipoza kwa chini ya saa moja hivi, kisha mafuta hufa polepole. Kwa kawaida tabaka la mafuta hupungua kama sehemu moja ya tano kwa awamu, na matokeo huonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Hakuna kisu, hakuna sindano, mtu anarudi kazini siku hiyohiyo. Wifi yako huenda anasema kweli.

Hatari yake si ya mara kwa mara, lakini ni ya ajabu. Kwa watu wachache mafuta yaliyogandishwa hayafi, yanakua. Miezi michache baadaye panatokea uvimbe mgumu wenye umbo la kikombe cha mashine, ambao hauondoki mpaka upasuaji. Mwanamitindo Linda Evangelista alisema hadharani Septemba 2021 kwamba hilo lilimpata, akashtaki, na mwaka 2022 akatangaza kesi imemalizwa kwa makubaliano. Jambo jingine ni mashine za kuigiza. Zisizopima ubaridi sawasawa huunguza ngozi kama moto, na ngozi yetu nyeusi ikiungua hubaki na baka kwa miezi au miaka.

Dada yako naye ana hoja. Nikiambiwa nichague njia moja inayoondoa mafuta mengi ya chini ya kidevu kwa mara moja, nachagua kufyonza kwa mrija. Yves-Gérard Illouz aliianzisha Paris mwaka 1977 kwa mirija butu, na mwaka 1987 daktari wa ngozi Jeffrey Klein wa California akachapisha mbinu iliyoifanya iwe salama zaidi: kwanza unajaza mafuta maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini. Mishipa ya damu inasinyaa, damu inayotoka ni kidogo sana, na kwa eneo dogo kama la kidevu mara nyingi mgonjwa hahitaji nusukaputi. Yuko macho, tunazungumza naye. Tundu ni la milimita 3 hadi 5, limejificha kwenye mkunjo chini ya kidevu, mara nyingine na mawili nyuma ya ndewe za masikio. Kazi inachukua kama saa moja. Halafu unavaa bendeji ya kubana kidevu mchana na usiku kwa wiki nzima, kisha usiku tu kwa wiki kadhaa. Kipande hiki watu hukidharau, nami nimeona matokeo mazuri yakiharibika kwa sababu bendeji iliwekwa kabatini siku ya tatu.

Na hapa tuna bahati. Ngozi yetu ni nene kidogo na huchelewa kulegea, hivyo hujikunyata vizuri baada ya mafuta kutoka. Bahati hiyo inakuja na deni: makovu yanayokua, keloidi. Kama ulitoboa masikio pakaota kinundu, au chanjo ilikuachia kovu lililotanuka, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Taya na masikio ni mahali keloidi hupenda. Daktari anayefyonza kupita kiasi naye huacha shingo imechimbika, kamba za msuli zikionekana wazi, na kurekebisha hilo ni kazi ngumu kuliko kulizuia.

Mashine za joto, za mawimbi ya redio na za mawimbi ya sauti, zinatangazwa sana. Kazi yake hasa ni kukaza ngozi kiasi. Ultherapy, kwa mfano, iliruhusiwa Marekani mwaka 2012 kwa kuinua ngozi ya shingo, na kukaza ngozi si sawa na kuondoa mafuta. Kwa mwenye ngozi iliyoning'inia sana, kinachofanya kazi ni upasuaji wa kuinua shingo, ambapo msuli unashonwa katikati na ngozi ya ziada inakatwa. Mikanda ya kubana kidevu, mafuta ya kusugua, kutafuna ubani na mazoezi ya kufungua mdomo havigusi mafuta hayo. Usitumie pesa yako huko.

Umeuliza kama yanarudi. Chembe zilizotolewa au zilizokufa hazioti tena hapo. Zilizobaki ndizo zinazoweza kujaa. Ukibaki na uzito ulionao, shingo itabaki ilivyo kwa miaka mingi. Ukirudisha kilo 9 zote na kuongeza nyingine, utakiona kidevu kikijaa tena. Nisisitize jambo lingine: kutoa mafuta haya hakushushi sukari wala presha. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Samuel Klein waliwafyonza wanawake 15 wanene kilo nyingi za mafuta ya tumbo, na baada ya wiki 10 hadi 12 sukari, presha na mafuta ya damu havikuwa vimebadilika. Kwa hiyo kama ngozi ya shingo yako imekuwa nyeusi na nene kama mahameli kwenye mikunjo, pima sukari. Kama mumeo anasema unakoroma mpaka pumzi inakatika, hilo ni la daktari wa usingizi na koo.

Turudi kwako. Umepungua kilo 9 na kidevu hakikusogea, na mama yako anacho: hii ni dalili ya mafuta ya kurithi ambayo mlo hauyafikii kirahisi, na kwa umri wako ngozi inapaswa kuwa bado na nguvu. Kama jaribio la ndimu limekuachia nyama vidoleni unene wa kidole kimoja, asidi ya deoksikoliki halisi kwa daktari, awamu mbili hadi nne, inatosha. Kama ni unene wa vidole viwili, mrija utakupa zaidi, na huenda ukakugharimu pungufu ya awamu sita za sindano halisi. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuamua. Nenda kwa daktari bingwa wa upasuaji rekebishi au wa ngozi aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari, na dawa yoyote atakayokuonyesha iwe na namba ya usajili ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba. Muombe akuonyeshe chupa ikiwa bado imefungwa. Muulize pia amewahi kupata mgonjwa aliyepinda mdomo, na alifanya nini. Anayekujibu kwamba hajawahi kupata tatizo lolote, muage kwa heshima.

Mtoto bado ananyonya. Dawa ya sindano haijapimwa kwa wanaonyonyesha, na upasuaji wa hiari hauna haraka. Subiri aache ziwa.

Kuhusu harusi, hutawahi, na usijaribu. Wiki 6 baada ya kugandisha bado hakujaonekana kitu cha maana. Baada ya sindano ya kwanza utakuwa ndiyo kwanza uvimbe umetulia na ganzi haijaisha. Hata aliyefyonzwa, wiki ya 6 shingo bado ngumu ukiigusa, na sura yenyewe hukamilika kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Mwambie fundi akushonee gauni lenye shingo ya V, anayewapiga picha asimame juu kidogo ya macho yenu, na ucheze ngoma ya mdogo wako bila bendeji kidevuni. Harusi ikiisha, kapime tezi ya shingo na sukari, mwachishe mtoto kwa wakati wake, kisha uniandikie jaribio la ndimu limekuonyesha nini.